Pazia Lenye Matundu ya Marisau

Kijana mmoja anayechomelea mageti hapa jirani yangu, mtaa wa Soweto, Mbeya, alikuja juzi kurekebisha komeo la mlango wangu. Kazi ilipokwisha akabaki amesimama, macho dirishani. "Babu," akaniuliza, "hilo pazia limeliwa na panya?" Nikamwambia panya hali kwa mpango namna ile. Akacheka, akaomba maji ya kunywa, akaondoka bila jibu. Si kwamba nilimnyima. Jibu lake ni refu, na linaanzia kwenye kazi ambayo siku hizi sioni anayeifanya. Ndiyo maana nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, ninyi vijana mnaopita kwangu, mkalitazama dirisha langu, mkanyamaza kwa adabu.

Nilikuwa mjazaji wa risasi. Msishtuke, sikuwa mwanajeshi wala jambazi. Miaka ya hamsini kulikuwa na duka mjini Iringa lililouza na kutengeneza bunduki za kuwindia na za kulinda mashamba. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba chenye meza ndefu, dirisha moja na harufu ya nta, na humo ndimo tulimoshinda mimi na Fundi Ambakisye. Yeye alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mimi Mhehe, na Kiswahili kilikuwa cha kuazima kwetu sote wawili. Tulijaza upya maganda ya risasi za marisau. Ndani ya risasi hizo hamna kipande kimoja kikubwa cha kuangusha nyati. Mna vidonge vidogo vingi vya madini, ndiyo marisau yenyewe, na vikishatoka mtutuni hutawanyika hewani.

Kutawanyika huko ndiko kulikonilisha miaka mingi. Mteja hakuja kutuuliza kama bunduki yake inalia, maana kulia zote zinalia. Alikuja kuuliza kwa nini marisau yake yanakwenda kila upande, au kwa nini yamebanana mno hata kanga aliyempiga haliki tena. Majibu karibu yote yalikuwa ndani ya risasi, na huko wengi hawakufikiria kutazama.

Siku yangu ya kwanza mezani Fundi hakunipa kifaa chochote. Alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye kuimba tenzi kwa pua, na alipenda kufundisha akiwa ameketi. "Gaudensi," akaniambia, "umewahi kuona watoto wakitoka kanisani? Mlango ukiwa mwembamba wanatoka wameshikana mashati, wanafika mpaka barabarani bado kundi. Mlango ukiwa mpana, kila mmoja na njia yake. Na ukiwasukuma sana kutoka nyuma, ndiyo kabisa, wanaangukiana. Sasa mlango ni mdomo wa mtutu. Anayesukuma ni baruti. Halafu kuna mzee wa kanisa, anasimama katikati yao, baruti isiwaguse watoto. Huyo ni kizibo. Ukimjua kizibo umeijua kazi."

Nilidhani ananitania, kumbe hapo alikuwa amenipa nusu ya elimu yake yote. Kizibo chenyewe kilikuwa kipande cha sufu iliyoshindiliwa, mviringo, kikikaa juu ya baruti na chini ya marisau. Kikiwa kigumu kupita kiasi, marisau hugongwa kwa kishindo yakabonyea, na kidonge kilichobonyea hakiendi tena mbele, kinapinda njia. Kikiwa kimepungua, moto wa baruti hupenya pembeni ukayaingia marisau na kuyapeperusha. Mteja analaumu mtutu, mtutu hauna kosa lolote.

Mwaka mmoja mzigo wa sufu ulichelewa njiani, mvua imekata barabara, na wateja wanatugongea mlango kwa kuwa nguruwe pori walikuwa wameshaingia mashambani. Fundi akafikiri, akaimba, mwisho akavua kofia yake ya Jumapili, kofia ya sufu nene ya kijivu aliyoipenda kuliko viatu vyake, akaikata vizibo vya mviringo kuanzia ukingoni. Vizibo vile sijaviona tena maishani mwangu. Marisau yalikwenda kwa adabu ya kwaya. Mkewe alipoona kilichobaki cha kofia, kwa juma zima chakula cha mchana cha Fundi kilikuja bila mboga, na mimi ndiye niliyemgawia yangu.

Na kulikuwa na jambo la kifuniko. Juu ya marisau, kwenye kinywa cha ganda, tuliweka duara la karatasi ngumu, kisha tukakunja ukingo wa ganda ulishike. Wakati mwingine duara lile halikukwepa kwa haraka bunduki ilipolia. Marisau yalilisukuma, yakaligawanyikia kushoto na kulia, na katikati pakabaki uwazi. Kanga anakaa kwenye uwazi ule, anatikisa kichwa, anaruka zake, na mwindaji anaapa kwamba amerogwa. Baadaye zikaanza kuja risasi za ng'ambo ambazo kinywa chake kimekunjwa kama mfuko wa karanga, bila duara lolote. Fundi alizishika, akazigeuza, akanirudishia. "Hizi zitatushinda," akasema. Alikuwa sahihi, ingawa ilichukua muda.

Kuna tajiri mmoja wa tumbaku wa Chunya aliyekuja amefura kwa hasira, akidai tumemuuzia risasi za kutawanya chakula cha kuku. Fundi akaichukua risasi moja, akaitikisa karibu na sikio. Ilikuwa inacheza ndani kama kayamba. "Bwana mkubwa, hizi unaziweka wapi?" Kwenye gari, akajibu, wapi tena. Joto la Chunya lilikuwa limekausha ganda, maana siku hizo ganda lilikuwa la karatasi iliyopakwa nta, likasinyaa, na kila kitu ndani kikalegea. Tangu siku hiyo nilipouza risasi niliuliza kwanza mtu anakaa wapi. Wa Chunya nilimwonya juu ya jua. Wa Mufindi nilimwonya juu ya ukungu, kwa sababu ukungu wa Mufindi unaingia hadi ndani ya sanduku lililofungwa, na ganda la karatasi likinywa unyevu huvimba likakataa kuingia mtutuni.

Hapo Mufindi ndipo moyo wangu unapokwenda ninapoandika haya, kwa hiyo nisizunguke tena.

Kulikuwa na mkulima wa huko akiitwa Mzee Kalistus, mgane, mzee wa parokia, mwenye shamba la mahindi kwenye mteremko na bunduki moja ya marisau. Kibali chake kilimruhusu marisau madogo tu, ya kufukuzia nyani na nguruwe. Risasi ya kipande kimoja hakuruhusiwa hata kuiweka nyumbani. Asubuhi moja alifyatua kuelekea kundi la nyani lililokuwa ukingoni mwa shamba. Mbali kabisa, ng'ambo ya bonde, mtamba wa ng'ombe wa jirani akaanguka akafa. Umbali ule marisau yangemfikia yamechoka, yakamwasha ngozi, basi. Lakini ubavuni mwa mtamba kulikuwa na tundu moja, la kuingia kidole gumba.

Jirani akasema wazi kwamba Kalistus anaficha risasi za kipande kimoja. Askari wakaja, wakachukua bunduki na risasi zote zilizobaki, wakamchukua na yeye mwenyewe hadi Iringa. Shauri likithibitika ilikuwa kifungo, na bunduki ingevunjwavunjwa wakati mahindi yakiwa mabichi shambani. Bwana shauri wa bomani, Mwingereza mrefu mwenye kikohozi, hakuwa na papara. Akaagiza bunduki ipimwe na duka letu, naye awepo aone.

Tulikwenda kwenye korongo la mchanga nje ya mji, mahali petu pa kujaribia. Alikuwepo bwana shauri, askari wawili, Mzee Kalistus mwenye macho ya mtu asiyelala, na binti yake, Leokadia. Alikuwa amekuja kwa lori la mbao tangu alfajiri, amebeba chakula cha baba yake kwenye kikapu, na bado vumbi la njia lilikuwa kwenye nyusi zake. Nilimsalimia kwa Kihehe, "Kamwene," akaitikia bila kunitazama. Alikuwa anaitazama ile bunduki.

Tatizo likawa kitu cha kupigia. Tulikuwa na bati la kupaka chokaa la kupigia shabaha, lakini mvua ilikuwa imeosha chokaa, na matundu ya zamani yalikuwa mengi hata usingejua lipi la leo. Fundi akauliza nani ana kitambaa cheupe. Askari wakatazamana. Leokadia akafungua kikapu, akatoa vyakula akaviweka juu ya jiwe, na kutoka chini akavuta shuka la merikani, jeupe, kubwa, limedariziwa maua mekundu pindoni.

"Hilo la nini, binti?" Fundi akamuuliza.

"La baba kulalia huko mahabusu. Kuna baridi."

"Hilo si la mahabusu. Hilo mtu ameshona kwa ajili ya nyumba yake."

"Ndiyo. Nilifundishwa na masista. Tumieni."

Tukalitundika. Fundi akajaza bunduki kwa risasi yetu mpya ya dukani, akaelekeza upande wa kushoto wa shuka, akapiga. Tukalikaribia. Matundu madogo yalikuwa yameenea upande ule wote, sawasawa, bila uwazi na bila kubanana. Kazi ya mtutu mzuri kabisa. Nikafurahi kama mpumbavu, mpaka nilipoona uso wa Leokadia na kuelewa tulichofanya. Kama bunduki ni nzima na inatawanya hivi, basi tundu la mtamba lilitokana na risasi nyingine. Tulikuwa tumemfunga mzee kwa mikono yetu.

Bwana shauri akakohoa. "Mzee Kalistus, iko wapi ile risasi nyingine?"

"Hakuna nyingine, bwana. Ni hizo mlizochukua."

Fundi akaomba mfuko wa risasi zilizotoka Mufindi. Kwa nje zilikuwa za kawaida, tena za mkono wangu, nilizitambua kwa jinsi ninavyokunja kinywa. Akaitikisa moja sikioni, haikutoa sauti yoyote. Hata risasi mpya husema kidogo ukisikiliza, lakini hii ilikuwa kimya kama jiwe. Akainusa. Akanipa na mimi. Ilinuka moshi, moshi wa jikoni uliokolea.

"Nani anayezitunza hizi nyumbani?" akauliza.

Mzee Kalistus akajibu upesi, "Mimi."

"Baba, si wewe," Leokadia akasema.

"Nyamaza, mama."

"Siwezi kunyamaza ukafungwa kwa jambo la jikoni." Akamgeukia Fundi, mikono ameikunja tumboni. "Zile za kwanza zilivimba kwa ukungu. Nguruwe wakaingia, baba akashindwa hata kuzitia bunduki. Akaniambia zitunze zisipate unyevu, wala zisikae karibu na moto. Mimi nikazipaka nta ya nyuki kwenye kinywa, nyingi, nikazipanga darini juu ya meko, kinywa juu, pamoja na mahindi ya mbegu. Mbegu zinakaa pale mwaka mzima haziozi, wala haziungui. Nikaona pale ndipo pakavu kuliko pote."

Kila nyumba ya milimani kwetu hufanya hivyo kwa mbegu, mama yangu alifanya hivyo, na nilipokuwa nikiwaonya wateja juu ya ukungu sikuwahi kufikiri kwamba mtu mwenye akili na upendo angekwenda moja kwa moja pale darini. Joto la kila siku liliyeyusha nta, ikapita pembeni ya kifuniko, ikashuka kati ya marisau. Meko yakipoa nta inaganda, yakiwaka inashuka tena. Watoto wote wa kanisani walikuwa wamegandishwa kuwa mtu mmoja.

Fundi akaipasua moja kwa kisu taratibu, akamwonyesha bwana shauri. Marisau yalikuwa yameshikana kama kashata. Lakini bwana shauri akasema kuona kashata si kuona tundu, na alikuwa na haki. Fundi hakukubali mtu yeyote ashike bunduki kwa risasi ile, kwa sababu donge likikwama mtutu unaweza kupasuka usoni. Tukaifunga bunduki kwenye gurudumu kuukuu la lori, tukaielekeza upande wa kulia wa shuka, sote tukalala nyuma ya tuta, na Fundi akavuta kamba.

Nilitangulia kufika kwenye shuka. Upande wa kulia ulikuwa na tundu moja, la kuingia kidole gumba. Bwana shauri akaingiza chake kupima, akakitoa, akamtazama Mzee Kalistus. "Rudi nyumbani, mzee," akasema. "Na risasi zisikae tena jikoni."

Mzee alikaa chini pale pale mchangani akalia, na binti yake akamsimamia mbele ili askari wasione. Mimi niliona. Nadhani ndipo iliponiingia, kwa namna alivyolitandaza lile gauni lake kumkinga baba yake. Jirani alipewa mtamba mwingine mbele ya wazee, na mambo yakaisha kwa amani.

Shuka likabaki bomani kama ushahidi. Nilikwenda kuliomba mara nyingi hata karani akanichoka, na siku waliponipa nililipeleka Mufindi mwenyewe, ingawa lori la mbao lilipita pale kila juma na lingeweza kulibeba. Mzee Kalistus alinipokea mlangoni, ukungu umetanda mpaka kwenye kofia yangu. Akalitazama shuka, akanitazama mimi. "Kijana, umeleta shuka au umelifuata?" Leokadia alikuwa ndani jikoni, nikasikia anacheka. Kicheko kile hadi leo nikinusa moshi wa kuni nakisikia.

Tulioana, tukahamia Mbeya duka lilipofungua tawi huku. Fundi Ambakisye alirudi kwao Tukuyu mwili ulipochoka, na huko alikufa. Hata leo nikishika kitu cha sufu nasikia tenzi za puani. Zikaja risasi za maganda ya plastiki, zenye kikombe ndani kinachobeba marisau yote pamoja bila kubonyea, hazinywi ukungu wala hazijali jua la Chunya. Ni nzuri kuliko zetu, siwezi kusema uongo. Meza yetu ndefu ikauzwa. Nyumbani sina hata ganda moja la karatasi, na natamani ningekuwa nalo, ninuse tu ile nta.

Nilicho nacho ni hilo pazia. Leokadia alikataa kulilalia. Alisema shuka lililoingia bomani halifai kitandani, akalitundika dirishani mwa chumba chetu. Tundu kubwa akalitilia kiraka cha kitambaa chekundu. Madogo akayaacha. Nilipomuuliza kwa nini asiyazibe yote akanijibu, "Lile linaingiza baridi. Haya yanaingiza mwanga tu." Kwa miaka yote tuliyolala chumba hiki, jua likichomoza matundu yale yalimwagika ukutani upande wake, na yeye aliyatazama akiwa bado amelala, akasema, "Gaudensi, mtutu mzuri huu." Kila asubuhi, maneno hayo hayo. Kuna siku yaliniudhi.

Masika mawili yamepita tangu tumzike. Wanangu wameleta mapazia mapya mara mbili, nimewashukuru, yako sandukuni. Sasa uzi wa kile kiraka umeoza, kimeachia upande mmoja, na baridi ya Julai ya Mbeya inaingia moja kwa moja upande wangu wa kitanda. Mjukuu wangu mwenye cherehani alitaka kukishona upya nikamkataza. Mikono yangu bado inaweza sindano, mmeona kazi niliyoifanya ujana wangu wote. Lakini kile ni cha mkono wake, na nikikigusa kitakuwa changu.

Kwa hiyo mwanangu fundi wa mageti, siyo panya. Usiku upepo ukizidi navuta blanketi, nasogea upande wake, ambako baridi haifiki, nangoja jua litoke.